Hashab na Talh: Kuitambua Miti Miwili ya Gundi
Mhadhara wa umma, Hai Jalaba, Juba



Mtaa huu umepewa jina la jallaba, wafanyabiashara wa kaskazini. Kwa Kiarabu neno hilo linamtaja mtu anayeleta bidhaa kutoka mbali. Historia yao ina jeraha ambalo sitalifunika: katika karne ya 19 wapo waliosafirisha watu pamoja na pembe za ndovu. Bidhaa yao nyingine ilikuwa gundi ya miti ya nyika kavu, na hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Gundi hiyo imo katika soda, peremende, vidonge na wino. Ulaya huiandika E414 kwenye lebo, na namba hiyo inajumuisha gundi ya miti miwili ambayo mnunuzi mzoefu hawezi kuilipa bei moja. Gundi ya hashab ndiyo ghali. Ya talh ni rahisi zaidi, nayo huvunjika upesi. Maabara huzitenganisha kwa mwanga: ukipitishwa katika maji ya gundi ya hashab hupinda kushoto, katika ya talh hupinda kulia. Mchumaji wa Kapoeta hana maabara. Ana macho na vidole, na mti wenyewe umemwekea alama za kutosha.

Anzeni na miiba. Hashab ina miiba mifupi iliyopinda, inayokaa mitatu mitatu chini ya kifundo cha jani: miwili ya pembeni imeelekea juu, wa kati umejikunja kwenda chini kama ndoana. Talh ina miiba miwili miwili, mirefu, myeupe, iliyonyooka kama sindano. Kisha tazameni maua. Ya hashab ni meupe au ya rangi ya maziwa, yamepangika kama suke, na mara nyingi hutangulia majani, hata mti uliokuwa kama umekufa ukaanza kunukia. Ya talh ni vipira vya manjano kali. Ukiwa na tawi lenye maua na miiba, huhitaji kumwuliza mtu ipi ni ipi kati ya hizi mbili.

Ila si kila siku kuna maua. Hapo shika gome. Gome la talh huacha unga mkononi, mwekundu wa kutu au wa kijani hafifu. Angalia na udongo: talh hupenda udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, hashab hupenda mchanga. Akina mama wa hapa wanaoketi juu ya dukhan, moshi wa kuni za talh wa kufukiza mwili, wanaujua mti wa talh kwa harufu yake kabla hata ya kuuona, na kwangu huo ni ujuzi wa mimea ulio kamili.

Majina yetu ya Kiswahili hayatusaidii sana hapa. Kenya, mtu akisema kikwata, huenda anataja hashab, au ndugu yake anayependwa na nyuki, ambaye pia ana miiba ya ndoana na maua meupe. Hesabu miiba: huyo wa nyuki ana miwili, hashab ina mitatu. Sunt nayo, inayotupa garad, maganda ya dawa na ya kusindikia ngozi, ina vipira vya manjano na miiba iliyonyooka kama talh. Lakini gome lake ni jeusi lenye nyufa, na maganda yake yamebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga za tasbihi.

Wataalamu wa mimea nao walipata shida. Georg Schweinfurth, aliyesafiri Bahr el Ghazal na misafara ya pembe za ndovu, aliitambulisha talh yenye gome jeupe na miiba iliyovimba, ambamo sisimizi hutoboa vitundu na kuishi. Aliipa jina la spishi ya peke yake. Leo inahesabiwa kuwa aina tu ya talh. 

Mwaka 2005, mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna uliamua kwamba jina Acacia, lililokuwa pia la hashab na talh, libaki na miti ya Australia, na mkutano wa Melbourne ukathibitisha mwaka 2011. Hashab ikawa Senegalia senegal, talh ikawa Vachellia seyal. Jina lililoanzia kwenye sunt ya Mto Nile liliondoka Afrika. Nakubali kwamba makundi haya ni tofauti kweli, na miiba yao inashuhudia. Uamuzi wa nani abaki na jina la zamani bado naona haukututendea haki.

Nina ombi moja. Mnapochuma au kununua, msichanganye gundi mbili katika gunia moja. Na ukikutana na mti usioufahamu, kata kitawi chenye ua, mwiba na ganda, ukikandamize ndani ya gazeti, uandike mahali, tarehe na jina uliloambiwa na wenyeji, liwe la Kitoposa, Kibari au Kidinka. Kisha tuletee.