Shahada ya Uuguzi na Hesabu ya Deni



Kijana akituuliza kama achague shahada ya uuguzi, tumezoea kumtajia mshahara tu. Hilo halitoshi. Tangu mwaka 2016 sheria inamtaka mwajiri amkate mnufaika wa Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wake, badala ya asilimia 8 ya awali.

Tupige hesabu ya mfano. Muuguzi wa stashahada, aliyesoma miaka 3 bila mkopo, analipwa shilingi 800,000. Wa shahada, aliyesoma miaka 4, analipwa 1,000,000, naye anadaiwa milioni 9. Huyu hukatwa 150,000 kila mwezi. Basi kwa miaka 5 anamzidi mwenzake shilingi 50,000 tu, na kodi bado hatujaigusa! Deni likiisha, tofauti ni 200,000.

Simkatazi kijana shahada. Bila hiyo hawi Afisa Muuguzi, atabaki Msaidizi. Namtaka aulize kwanza atangoja ajira muda gani. Na yule ambaye wadogo zake wanautegemea mshahara wake wa kwanza, aanze na stashahada, aajiriwe, kisha aombe ruhusa ya masomo.