Kodi ya Miezi Sita kwa Kipato cha Siku: Bajeti na Akiba ya Mfanyabiashara Mdogo

Utangulizi

Mafunzo mengi ya bajeti huanzia kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama lishe wa Buguruni au dereva wa bodaboda wa Mbagala hana mshahara huo. Hela yake huingia kila siku, leo nyingi, kesho kidogo, ilhali gharama kubwa humjia kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kwa pamoja. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na vyote huhitajika shule zinapofunguliwa.

Hoja ya mada hii ni moja: gharama hizi zinajulikana mapema, kwa hiyo zikatwe siku kwa siku. Zisipokatwa hugeuka dharura, na dharura ndiyo inayowasukuma wengi kwenye mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake hula hadi mtaji.

Hesabu ya siku moja

Kwenye vibanda vingi, hela ya mchele, ya nauli na ya kodi hukaa katika mfuko mmoja wa aproni. Ikifika jioni, hakuna ajuaye ipi ni ipi.

Chukua mfano wa mama lishe anayeuza sh. 80,000 kwa siku. Kabla ya jambo lolote anarudisha mtaji wa kesho: mchele, maharage, nyama, mafuta, mkaa na ushuru, jumla sh. 58,000. Faida ni sh. 22,000. Chakula cha nyumbani na nauli vinachukua 13,000, zinabaki 9,000. Hizo ndizo za kupangiwa kazi: kodi 2,500, shule 1,500, kikundi 2,000, dharura 1,000, na 2,000 za michango ya harusi na misiba, ambayo bajeti nyingi huisahau ingawa haikosekani.

Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, baada ya miezi sita fungu la kodi lina sh. 390,000. Chumba cha sh. 60,000 kwa mwezi kinahitaji 360,000. Kodi imelipwa, na 30,000 zimebaki.

Mahali pa kuweka

Kibubu kinafaa kwa wiki moja. Zaidi ya hapo kiko karibu mno na mkono. Fungu la kodi likae kwenye akaunti ya akiba, ya benki au ya simu, iliyotengwa na ile ya matumizi.

Fungu la kikundi lina historia yake. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa; baadaye mfumo huo ulienea Afrika Mashariki. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Hisa hununuliwa mbele ya wote, kisha mwisho wa mzunguko hufanyika mgao. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kabla ya kujiunga, mtu aulize cheti.

Mgao ukifika sh. 1,000,000, unatosha kuingia kwenye hati fungani za serikali kupitia Benki Kuu.

Mapendekezo

Kwanza, kila mshiriki aandike malengo mawili tu, kila moja likiwa na kiasi, tarehe na kiwango cha siku. Pili, siku ya biashara mbaya kiwango kipunguzwe, kisifutwe. Tatu, maofisa maendeleo ya jamii wafundishe hesabu hii kabla halmashauri hazijatoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ili mkopaji aingie akijua faida yake ya siku inaweza kubeba rejesho la kiasi gani.