Saa za Kuuza Pombe: Sheria na Kijiji
(Hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, walimu na wazee)



Kwanza yatupasa kukiri ya kuwa tulilelewa katika nyumba ambayo pombe haikuingia, na hata leo kinywaji chetu ni chai. Asidhani mtu, basi, ya kuwa twavitetea vilabu kwa kiu yetu wenyewe. Kazi yetu ni kuandika maombi ya leseni, na ni mezani hapo tulipoyaona haya tunayotaka kuwaeleza.

Katika nchi yetu ya Kenya sheria za pombe zilianza zamani kwa kumkataza mtu, wala si kwa kumwongoza. Sheria ya mwaka 1912 ilimpa chifu uwezo wa kuzuia upikaji wa pombe za kienyeji katika eneo lake, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe kali za Kizungu. Uhuru ulipokuja desturi ile ya kukataza haikuondoka. Mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Je, chang'aa ilikoma? Ninyi machifu mwajua kuliko sisi. Ilihamia gizani, mitoni na vichakani, na huko gizani wauzaji wakaichanganya na methanoli, ambayo huua macho kwanza, kisha mwili. Mwaka 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeileta. Iliifuta ile ya chang'aa, ikaruhusu kinywaji hicho kipikwe kwa leseni na kwa kipimo cha ubora. Ilikataza pombe kuuzwa katika chombo kilicho chini ya mililita 250, na kilabu kuwa karibu na shule kwa mita 300. Haya twayasifu. Tena iliweka saa: baa kufunguliwa saa 11 ya jioni siku za kazi, na saa 8 ya mchana siku za mwisho wa juma na sikukuu, na kufungwa saa 5 ya usiku. Nia yake ilikuwa njema, maana vijana walikuwa wakilewa tangu asubuhi, na shamba likabaki na magugu.

Walakini saa hizo zilipimwa kwa mtu wa ofisini, atokaye kazini jioni. Mkulima huamka alfajiri, na kufikia adhuhuri jembe limekwisha kuwekwa. Mzee wa kijijini, akitaka kibuyu chake, hupenda kukinywa jua lingalipo na kurudi nyumbani kabla ya giza. Sheria humfungulia mlango saa ile ambayo ingempasa kushika njia ya kurudi. Asipongoja, huenda kwa yule asiye na leseni, asiye na saa, wala asiyejulikana anachotia ndani ya pipa. Mama mmoja mjane alituletea karatasi zake za leseni, akatuuliza, "Mimi nalipa ada na kufunga mlango mchana kutwa. Jirani yangu hafungi wala halipi. Ni nani mnayemtaka afanikiwe?" Tulimpigia mhuri karatasi zake, ila jibu hatukuwa nalo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika majimbo kadhaa ya Australia mwaka 1916, na New Zealand mwaka 1917, wakati wa vita, serikali ziliamuru baa zifungwe saa 12 ya jioni. Watu walitoka kazini saa 11, wakawa na saa moja tu, basi walikunywa kwa pupa kama ng'ombe waliofika kisimani baada ya kiangazi, kisha wote wakamwagwa barabarani kwa wakati mmoja. Vita vilikwisha mwaka 1918, lakini sheria ilikaa. Jimbo la New South Wales liliiacha mwaka 1955, Victoria mwaka 1966. Watu wa New Zealand waliulizwa kwa kura mwaka 1949, wakaishika. Wakaulizwa tena mwaka 1967, wakaiacha.

Hatusemi baa zikeshe. Muziki wa usiku kucha karibu na nyumba ya mgonjwa au mtoto wa shule ni dhuluma, na kwa vijiji vingi twaona hata saa 5 ya usiku ni mbali mno. Saa 3 ingetosha. Twasema tu ya kwamba mji wenye wasafiri wa usiku na kijiji cha wafugaji haviwezi kuvaa kanzu moja. Wala saa peke yake haiponyi. Mwaka 2014 watu wengi walikufa kwa pombe ya sumu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo, na mwezi wa Februari 2024 wakafa zaidi ya 10 katika Kirinyaga, na hali saa za sheria zilikuwapo.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka leseni za pombe mikononi mwa kaunti, tena yataka wananchi waulizwe kabla sheria haijapitishwa. Mara nyingi tumehudhuria mikutano hiyo. Wenye baa huja na wakili wao, wahubiri huja, na wazee wa vijijini hukaa kimya wakingoja chakula cha mchana. Twawaomba walimu wakae na wazee kabla ya siku hiyo, waandike saa wanazozitaka kwa soko lao na kwa vijiji vyao, na waseme pia kama busaa na muratina zipewe leseni ya ada ndogo ambayo mama wa kijijini aweza kuilipa. Karatasi hiyo itiwe sahihi, na nakala moja ibaki kwa chifu.