Mzee Anapomfuata Mwana



Leo nataka tufikiri pamoja juu ya safari ya ng'ambo, ile ya wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao. Mwenye Biblia karibu na afungue kitabu cha Mwanzo, mlango wa 45, mstari wa 25, asome na mlango unaofuata.

Hapo tunamkuta Yakobo akiletewa habari kwamba Yusufu yu hai huko Misri. Mzee alipigwa na bumbuazi, hakuamini. Habari ya mdomo haikumtosha. Ni mpaka alipoyaona yale magari ya kukokotwa, yaliyotumwa kumchukua, ndipo nguvu zikamrudia akasema atakwenda amwone mwanawe kabla hajafa. Naye alikuwa na miaka 130.

Sasa angalieni ni nani aliyefunga safari. Yusufu alikuwa mtu wa makamo, mwenye farasi na watumishi. Lakini njaa ilikuwa imebakiza miaka mitano, na chakula cha nchi nzima kilikuwa mkononi mwake. Kazi ilimshika. Basi mzee ndiye aliyeondoka. Kwetu Ukambani jambo hili ni gumu, maana tumezoea kwamba mtoto ndiye anayemwendea mzazi. Mzee akimfuata mtoto, watu husema ameshindwa na nyumba yake.

Kuna mume na mke wa upande huu wa Yatta, waumini, walionipa ruhusa nisimulie habari zao bila majina. Shamba lao hupata maji ya mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa na mahabusu wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950. Mwana wao alikwenda Marekani mwaka 2003. Hakurudi. Nyanya yake alipozikwa mwaka 2011 alituma fedha, yeye mwenyewe hakuonekana. Baba akakasirika, akasema kwamba hatampigia simu tena, na mlango u wazi, aje yeye. Miaka minane ikapita hivyo. Mama ndiye aliyekuwa akizungumza na kijana, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: tuko wazima, mambo ni mazuri.

Mwaka 2019 mama alimwambia mumewe, "Baba, mimi nakwenda. Ukitaka, baki na ng'ombe." Mzee wa miaka 79 akaenda Nairobi kupigwa alama za vidole na kuulizwa maswali kwenye ubalozi, akapata viza. Shirika letu la ndege lilikuwa limeanza kwenda New York moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, mwendo wa saa 15 hivi, na hiyo iliwafaa wazee wasiojua kubadilisha ndege. Yakobo hakuwa na bahati hiyo!

Kijana aliwapokea, akawachukua kwa gari mpaka Lowell, katika jimbo la Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi. Hawakusema neno la maana siku kadhaa. Kisha alfajiri moja mzee alimkuta mwanawe jikoni, ametoka kazini, ameketi na viatu miguuni, amelala. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee usiku kucha, kuwaosha na kuwageuza kitandani. Alipoamka ndipo aliposema yote. Kwa miaka mingi hakuwa na karatasi za kukaa nchi ile. Angetoka kuja kumzika nyanya, asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto. Aliona haya kumwambia baba yake kwa simu.

Mzee aliniambia, "Pasta, nilikuwa nimemkasirikia mtu nisiyemjua."

Siku hizi tunaonana kwa picha za simu kila jioni, nami namshukuru Mungu kwa hizo. Lakini simu humwonyesha mtu uso aliouandaa. Jikoni alfajiri haionyeshi.

Walikaa miezi mitano. Kabla ya kurudi, mzee aliomba apelekwe kwa rafiki yake wa shule, aliyeondoka mwaka 1961 kwa zile ndege za wanafunzi alizozianzisha Tom Mboya. Ya kwanza, mwaka 1959, ilichukua vijana 81. Huyu hakurudi kukaa. Walimkuta katika nyumba ya kutunzia wazee, amesahau mengi, Kiingereza chake kimekatika-katika. Mzee wetu akamsalimu kwa Kikamba. Yule akamshika mkono, akauliza kama mto Thika umejaa. Waliongea habari za mto mpaka wakati wa chakula.

Wengi wenu mnaogopa safari kama hii kwa sababu mnaogopa kufa ugenini. Si woga wa kijinga. Kurudisha maiti ni gharama kubwa, tunajua michango yake. Hata Yakobo aliogopa; alisimama Beer-sheba akatoa sadaka, na Mungu akasema naye usiku. Na alipokaribia kufa alimwapisha Yusufu asimzike Misri. Dr. Krapf, aliyefika Ukambani kwa Kivoi mwaka 1849, alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga kule Mombasa mwaka 1844. Kaburi lipo pwani kwetu, ilhali yeye alikufa Ujerumani mwaka 1881. Mungu hakumpoteza hata mmoja wao.

Wazee wetu walirudi salama Septemba 2019. Mama alikuja na picha za wajukuu watatu, nazo ameziweka juu ya kabati, mahali pa kuonekana tangu mlangoni.

Tuombe. Ee Baba, uwakumbuke wazazi walionyimwa viza wiki hii. Uwakumbuke watoto wanaofanya kazi usiku katika nchi za baridi, nao hawawezi kuja. Na mzee yule wa Matuu anayesikiliza sasa, ambaye hajampigia mwanawe simu, umpe leo kuanza yeye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.