Kabla Hujawasha Kiberiti

Wakati huu, Tarakea na Rombo yote, mabua ya mahindi yamekauka, na mkono unawasha kuchoma shamba. Ngoja kwanza.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona kwenye Mlima Kilimanjaro, mahali wapandaji wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) zilisema wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Kupasha chakula tu! Upepo ukaubeba, na zikateketea takribani kilomita za mraba 95. Wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka na wanavijiji walipanda kuuzima kwa matawi ya miti na majembe.

Vichaka vile vya juu mlimani vina kazi kubwa: hunasa ukungu, ukadondoka na kuwa maji. Vikiungua, chemchemi zetu huku chini nazo hupungua.

Sheria ya Misitu ya 2002 haikubali uchomaji holela. Omba kibali, waarifu majirani, lima mkanda mtupu kuzunguka eneo, na usiondoke hadi majivu yapoe. Mnaorina asali kwa mwenge, nanyi mnasikia? Kijinga kimoja cha moto kilichosahaulika chini ya mti kinatosha kuwasha msitu.

Binafsi naona mabua ni bora ng'ombe wale, au yaoze yawe mbolea.

Ukiona moshi upande wa msitu, mwite mwenyekiti wa kitongoji na piga 114, Zimamoto. Usisubiri jirani apige.