Kuharakisha Uhamishaji wa Mafaili kutoka Kompyuta Mpakato hadi Seva



Nimeombwa nieleze kwa nini kuhamisha kumbukumbu kutoka kompyuta mpakato ya katibu hadi kwenye seva, yaani ile kompyuta ya akiba inayokaa nyumbani au ofisini, huchukua saa nzima mahali ambapo dakika chache zingetosha. Jambo hili si dogo. Kazi inayochosha huahirishwa. Na mpakato ikiibwa kabla nakala hazijafika kwenye seva, kumbukumbu za mizani zimekwenda nayo, na chama hakina cha kumwonyesha mwanachama anayedai malipo yake ya pili.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Wengi hutumia mtandao usio na waya, ambao hugawanywa kwa vyombo vyote vilivyo karibu, na kila ukuta huudhoofisha. Tumieni waya. Lakini nao una madaraja yake. Swichi za zamani hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, nazo ni megabaiti 12 tu, maana baiti moja ni biti nane. Swichi ya gigabiti hufikisha megabaiti 110 hivi. Gigabaiti 40 za picha za stakabadhi zitapita kwa dakika 6 badala ya 55. Waya wa daraja la 5e unatosha hadi meta 100. Ziangalieni ncha zake: gigabiti huhitaji nyuzi zote nane, na mmoja ukikatika mara nyingi mwendo hushuka hadi 100 kimyakimya. Wako watu walionunua seva mpya kwa sababu ya ncha iliyobanwa vibaya!

Diski ya seva ikiunganishwa kwa USB 2.0, haitazidi megabaiti 40 hivi, hata waya uwe mzuri namna gani.

Tena, maelfu ya mafaili madogo hukawia kuliko faili moja lenye uzito uleule, kwa kuwa kila moja hufunguliwa na kufungwa peke yake. Yafungeni pamoja. Afadhali zaidi ni programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, ambayo hupeleka yaliyobadilika tu. Katibu aliyeongeza stakabadhi ishirini leo hana haja ya kupeleka za msimu mzima.

Kabla ya kuiomba kamati fedha, pimeni mwendo kwa faili moja kubwa, mkaandike sekunde zake. Na kila mara fungueni nakala mbili tatu kwenye seva kabla ya kufuta chochote kwenye mpakato.