Gavana Aliyetaka Kuzuia Mechi

Mchezaji mweusi akilalamika uwanjani huambiwa asiingize siasa michezoni. Mimi huuliza: nani alizitangulizia humo?

Itazame Sugar Bowl, mechi ya mpira wa Kimarekani ya timu za vyuo vikuu, inayochezwa kila mwaka tangu 1935, na makao yake ni New Orleans. Kwa miaka ishirini hakuna mchezaji mweusi aliyeukanyaga uwanja ule. Kisha Januari 1956 Georgia Tech wapangiwa Pittsburgh, na Pittsburgh wana Bobby Grier, kijana mweusi.

Gavana wa Georgia, Marvin Griffin, akataka timu ya jimbo lake isiende. Wanafunzi wa Georgia Tech wakaandamana usiku hadi nyumbani kwake, wakachoma sanamu yake. Sisemi wote walipigania haki. Wengi, nadhani, walitaka tu mechi yao. Hata hivyo timu ilikwenda, na Grier akacheza. Pittsburgh walishindwa 7-0, baada ya Grier kuhesabiwa kosa la kumbughudhi mpinzani aliyetaka kudaka mpira. Mwenyewe alilikana.

Wanasiasa hawakukoma. Mwaka huohuo bunge la Louisiana, jimbo lenye New Orleans, lilipitisha sheria ya kuwapiga marufuku weusi na weupe kucheza pamoja. Mahakama Kuu ya Marekani iliizima mwaka 1959. Lakini Sugar Bowl haikuona tena wachezaji weusi hadi Januari 1965, walipofika Syracuse.